Kijana Anapoitwa Kufundisha China

Wazazi kadhaa wametufikia katika ofisi ya msikiti na swali moja: kijana wao, mhitimu wa chuo kikuu, ameahidiwa kazi ya mwaka mmoja ya kufundisha Kiingereza katika sekondari ya juu nchini China. Baadhi yao huja wamejihami kwa yale maneno mashuhuri ya kuitafuta elimu hata China, ambayo wanazuoni wa hadithi wameyatia dosari tangu zamani. Hata yangekuwa thabiti, kijana huyu haendi kuitafuta elimu. Anakwenda kuitoa kwa ujira, na ujira una sheria zake.

Hapo kwenye sheria ndipo vijana wanapoumia. Aendaye kufanya kazi China huingia kwa viza ya aina ya Z, hupata kibali cha kazi, na ndani ya siku 30 tangu kuwasili huomba kibali cha ukaazi. Wakala asemaye, "Njoo na viza ya matembezi, tutaibadilisha huku huku," anamtumbukiza mwana wa watu shimoni. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 inamtoza mgeni afanyaye kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Lipo na jambo ambalo mawakala hulinyamazia: kwa kawaida, kibali cha kufundisha lugha hupewa mwenye shahada ambaye lugha hiyo ndiyo lugha mama ya nchi yake. Msomi wetu mwenye Kiingereza fasaha aweza kukataliwa kwa sababu ya pasipoti yake tu. Sisi twaiona kuwa ni dhuluma, lakini ndiyo kanuni, na ni heri kuijua kabla shamba la mzee halijauzwa kwa ajili ya nauli.

Aliyetimiza masharti atakuta shule isiyofanana na zetu. Sekondari ya juu ni miaka 3, na yote hutazama mtihani wa gaokao unaoanza tarehe 7 Juni. Wanafunzi wengi hulala bweni, huamka alfajiri, na hurudi madarasani usiku kujisomea hadi saa tatu au nne. Darasa moja laweza kuwa na watoto 50. Mwalimu akiingia husimama wote na kumsalimu, adabu ambayo tungependa kuiona tena kwa watoto wetu. Lakini mgeni hupewa somo la mazungumzo, ambalo katika sehemu nyingi halina uzito katika mtihani ule. Basi atamwona mmoja anafanya hesabu chini ya meza, mwingine amelala. Asidhani anadharauliwa, mtoto yule amechoka.

Kuhusu dini, kantini nyingi hupika nyama ya nguruwe na mafuta yake. Kijana ajifunze kuyatambua maandishi ya qingzhen, yaani halali, kwenye migahawa ya Waislamu wa kabila la Hui. Tambi zao za Lanzhou hupatikana karibu kila mji. Nchi nzima hutumia saa ya Beijing, kwa hiyo aliye magharibi asishangae Magharibi kuingia usiku kwa saa yake. Sheria yao ya elimu hutenganisha shule na dini, na mgeni haruhusiwi kulingania. Kuswali chumbani kwake ni jambo jingine. Ijumaa ni siku ya kazi, hivyo ratiba ya adhuhuri ya siku hiyo iulizwe mapema, na binti aulize waziwazi kuhusu hijabu, kwa maandishi, kabla ya kutia saini.

Mikataba hii mara nyingi huwa na nakala ya Kichina na ya Kiingereza, na ukitokea mgogoro ile ya Kichina ndiyo hutangulizwa. Wapo miongoni mwetu waliosoma China na wanaoisoma lugha hiyo. Nakala ya Kichina ipelekwe kwao, isomwe mstari kwa mstari: mshahara, nyumba, bima, tiketi ya kurudi, na adhabu ya anayeondoka kabla mwaka haujaisha.