Makochi yamepewa chumba, mama amepewa uchochoro



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi mtakaokuwa na nyumba zenu inshaAllah, makala hii itawaudhi baadhi ya kina baba. Mimi iliniudhi kabla yenu, maana inaanzia nyumbani kwangu hapa Buyenzi, Bujumbura.

Msimu wa mvua uliopita binti mmoja wa madrasa yetu alikuja mkono umefungwa kitambaa. Kumuuliza, akasema mvua ilipoanza mama yake aliingiza jiko la mkaa ndani, hii tunayoiita mbabura, akaiweka kwenye ujia baina ya mlango na chumba cha kulala. Binti akapita na juzuu yake mkononi, nguo ikanasa kwenye sufuria ya maharage. Alhamdulillah, aliungua mkono tu. Jioni nikaenda kuwapa pole. Sebuleni nikakuta makochi matano, meza ya kioo, na kabati la vyombo linalogusa dari. Nikakaribishwa kwenye kochi. Mama akatuletea chai akitokea ujiani, macho mekundu kwa moshi, na ile mbabura ilikuwa palepale ilipomuunguza mtoto.

Nilitaka kumsema baba yule. Kisha nikakumbuka ya kwangu, nikanyamaza.

Nilirudi nikapima kwa dhiraa. Sebule yangu ilikuwa dhiraa nane kwa tisa. Jiko dhiraa tatu kwa nne, na humo humo kuna gunia la mkaa, bidoni za maji, unga, mchele, sufuria, na mke wangu. Sebule tunaikalia wageni wakija, labda mara mbili kwa wiki. Jikoni mama watoto anaingia kabla ya alfajiri na anatoka baada ya isha. Je, huu ni uadilifu? Mtu anayewafundisha watoto wa watu sura ya wenye kupunja vipimo, nyumbani kwake anapunja!

Mzee mmoja nilipomweleza jambo hili baada ya swala alicheka, akaniambia, "Ustadh, mambo ya sufuria waachie wake zetu." Huu ndio ugonjwa wenyewe. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Imo katika Bukhari. Sasa sisi tunaofuga ndevu kwa kufuata Sunna, hii nayo si Sunna? Au Sunna ni ile isiyotoa jasho?

Wengine hutetea makochi kwa hoja ya kumkirimu mgeni. Sawa, kumkirimu mgeni ni katika imani. Lakini someni Surat adh-Dhaariyaat muone Nabii Ibrahim (a.s.) aliwakirimu vipi wageni wake. Alikwenda kwa watu wake akaleta ndama aliyenona. Ametajwa ndama, ndugu yangu. Kochi halikutajwa. Karama ya mgeni inatoka jikoni, na ukilibana jiko umeibana karama.

Na jambo hili si la raha tu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Mkaa ndio unaotuhadaa zaidi, kwa sababu ukishawaka vizuri hauna moshi, tukadhani umekuwa salama. Kumbe hapo unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na wanaolala na mbabura inayofuka ndani huenda wasiamke. Nyumba moja ya Madina iliwaunguzia watu wake usiku, na Mtume (s.a.w.) alipopata habari akawaambia Maswahaba kuwa moto ni adui yao, wauzime wakitaka kulala. Hadithi hii tunaisomesha kila mwaka. Watoto wanaihifadhi, kisha wanakwenda kulala kwenye chumba chenye mbabura.

Mtaniambia: Ustadh, nyumba ndogo, tufanyeje? Nitawaambia nilichofanya.

Jumamosi moja tulitoa kila kitu cha jikoni tukakiweka uani. Subhanallah! Sisi ni watu sita, tukahesabu sahani thelathini na nane. Chupa za chai tatu, mbili hazina vifuniko. Sufuria za tumbo kubwa nne, ambazo hupikiwa Idi kwa Idi. Hapa kina mama nanyi msicheke, maana vyombo hivi havikujileta. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kitanda kimoja ni cha mume, cha pili cha mke, cha tatu cha mgeni, na cha nne ni cha shetani. Imo katika Muslim. Basi jiulizeni sahani ya thelathini na nane ni ya nani.

Sufuria kubwa moja inatosha majirani kumi wakiazimana. Ibn Mas'ud (r.a.) alifasiri neno maa'uun, ambalo sura nzima imeitwa kwalo, kuwa ni vitu kama shoka, chungu na ndoo ambavyo watu huazimana. Wengine wamesema ni zaka. Vyovyote iwavyo, mtaa ambao kila nyumba ina sufuria yake ya harusi na hakuna anayemwazima mwenzake, una jambo la kujiuliza.

Tulivyobakiza tukavipanga. Kabati la vioo tukaliingiza kazini: likatolewa maua ya plastiki, likatiwa unga, mchele, sukari na sahani za kila siku, humo humo sebuleni. Makochi mawili nikauza, pahala pake pana mkeka, tunakula sinia moja, na vyombo vya kuosha vimepungua. Jikoni nikapiga mbao ukutani hadi karibu na dari. Vya kila siku viko usawa wa kifua, vya Idi juu kabisa, sufuria ndogo ndani ya kubwa, na mifuniko, miiko na ungo kwenye misumari. Gunia la mkaa likawekwa juu ya matofali kukwepa unyevu. Mbabura nayo nikaijengea meza ya matofali karibu na mlango, mama asiiname na mtoto asiikanyage. Juu ya moto hakining'inii kitu. Mvua ikinyesha, mlango na dirisha vinabaki wazi, hata kama sakafu italowa kidogo.

Gharama yake haikufika bei ya kochi moja.

Sasa neno kwa wenye nyumba za kupangisha, maana wapo Waislamu wengi humu. Unajenga vyumba sita katika kiwanja kimoja, kila chumba kina mlango wa chuma uliopakwa rangi nzuri, na hakuna hata bati moja la kumkinga mvua mtu anayepika. Mpangaji akiingiza moto ndani unamfokea kuwa anachafua ukuta. Kodi hiyo unaiweka akiba uende Umra. Kanuni ya sheria yetu kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana umeiacha wapi? Piga kibanda cha bati uani, upande mmoja wazi, moshi upate njia. Huo ni wajibu wako, usiungoje mpaka wakuombe.

Mzazi yeyote atakaye tumpangie jiko lake aniambie baada ya darsa. Nyundo ninayo na wanafunzi wakubwa wamekubali kusaidia siku za Jumamosi. Mbao na misumari atanunua mwenyewe, na siku hiyo baba awepo nyumbani.