Kilima Si Adui wa Nyumba

Mtu akipata kiwanja Mbinga, kitu cha kwanza anachotafuta ni greda. Hajajua bado maji ya mvua yanapita wapi wala jua linazama upande gani, lakini kilima kimeshakatwa, miti imeng'olewa na kifusi kimemwagwa bondeni. Ukimuuliza, anakujibu kwa fahari kwamba anaandaa kiwanja cha nyumba ya kisasa. Imani hii, kwamba usasa hausimami ila juu ya uwanja mtupu uliosawazishwa, ni potofu, na inatugharimu.

Inauma zaidi kuikuta huku Umatengo, nchi ya Wamatengo, watu waliobobea katika elimu ya mteremko. Tazama ngoro, kilimo chao cha mashimo. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika. Linabaki shimo, na matuta pande zote nne. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuporomoka na udongo. Juu ya matuta hupandwa maharage, baadaye mahindi. Kwa zaidi ya miaka 100 milima hii imelisha watu bila mtu kuisawazisha. Leo mama yuleyule anayechimba ngoro anarudi kulala katika nyumba iliyokata kilima wima kama kisu, na mvua zikikolea anashinda na koleo, akizoa tope lililoangukia nyuma ya jiko.

Nyumba nayo inaweza kushuka pamoja na mteremko: sebule juu, vyumba ngazi tatu chini yake, msingi wa mawe. Watasema ni gharama. Basi wajumlishe greda, malori ya kifusi na ukuta wa kuzuia udongo, ndipo tulinganishe.

Tuteremke hadi Ziwa Nyasa. Mbamba Bay iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Milima ya Mbinga inapita 1,500. Huku baridi, kule joto, lakini ramani ni ileile iliyotoka kwenye simu: paa la kuficha, vioo vikubwa, sakafu ya marumaru. Kila mwenye nyumba anataka kioo kitazame ziwa. Lakini ufuko wetu uko mashariki mwa Ziwa Nyasa; anayelitazama ziwa anatazama magharibi. Niliingia katika nyumba ya namna hiyo saa tisa alasiri. Mapazia mazito yamefungwa, feni inazungusha hewa ya moto, ziwa halionekani. Familia nzima ilikuwa nje, chini ya mwembe mmoja ulionusurika. Baraza pana upande ule lingewapa kivuli na ziwa kwa pamoja.

Paa la kuficha nalo linaficha tatizo. Mfereji wake uko ndani ya kuta. Majani yakiuziba, maji hayana pa kwenda ila darini. Paa lenye mteremko mkali na michirizi mirefu linayamwaga mbali na ukuta, na fundi yeyote wa kenchi analijua.

Simwiti mtu arudi kwenye nyasi zinazovuja na kushika moto. Bati ni jema. Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001, kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji, akaliinua bati juu ya dari ili hewa ya moto itoke. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo duniani. Nani atamwambia amebaki nyuma?

Wala tusilisogelee ziwa kupita kiasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na Ziwa Nyasa ni la kupanda na kushuka. Maji yakirudi, hayaulizi hati.

Kwa hiyo, kabla ya greda, kaa kiwanjani siku nzima, asubuhi hadi jua kuzama. Rudi siku ya mvua. Kisha mwulize mama aliyelima hapo: atakuonyesha kwa kidole maji yanapopita, upepo unapotokea na mti usioguswa. Hiyo ndiyo ramani ya kwanza ya nyumba yako. Ya kwenye simu ifuate baadaye.