Ndege za kivita zisilale uwanja mmoja

Kijiwe kilikuwa kimya siku kadhaa kwa sababu ya test, zilifuatana kama daladala za asubuhi. Sasa nimepumua, na nimekuja na mada inayobishaniwa kwenye korido yetu hapa hosteli tangu wiki iliyopita. Nchi ikihisi vita inakuja, izirundike ndege zake za kivita kwenye kambi moja mbili kubwa zenye ulinzi mkali, au izitawanye kwenye viwanja vidogo vya akiba? Mwenzangu wa chumba anasomea uhandisi, yeye anasema zirundikwe. Mimi mtu wa historia nasema zitawanywe. Ila nina sharti moja, na hilo sharti ndilo lililonifanya niandike.

Kwanza tuelewane kwa nini jambo lenyewe lipo. Boom likiingia, nani kati yetu anapanda daladala na hela yote kwenye mfuko mmoja? Nyingine soksini, nyingine kwenye begi, nyingine umemwachia mtu. Mwizi akikupata anakupata kipande. Ndege ya kivita ndiyo hivyo hivyo. Ikiwa angani ni simba, ikiwa chini ni bati lililojaa mafuta. Na muda mwingi wa maisha yake iko chini.

Jumatatu ya tarehe 5 Juni 1967 Misri ililijua hilo kwa machungu. Marubani wa Israel walisubiri doria za alfajiri za Misri zitue, wakapiga saa 2:45 asubuhi kwa saa za Cairo, wakati watu wanakunywa chai na wakubwa wako njiani kwenda kazini. Walianza na njia za kurukia ili ndege zisiweze kutoka, kisha wakazimaliza ndege zenyewe zikiwa zimepangwa nje, peupe. Takriban ndege 300 za Misri ziliteketea siku hiyo. Vita ilikuwa ya siku sita, lakini angani ilikwisha kabla ya chakula cha mchana.

Marekani nayo ilishaonja. Kule Hawaii mwaka 1941 wakubwa wa jeshi waliogopa wahujumu wa ndani, wakaamuru ndege zipangwe karibu karibu katikati ya uwanja ili walinzi wachache waweze kuzilinda. Desemba 7 Wajapani walipofika wakakuta kazi imerahisishwa. Ndege 188 za Marekani ziliharibiwa. Hapo utaona kitu: kuzirundika hakukutokana na ujinga. Ni rahisi, kunapunguza gharama, na kunapendeza machoni siku ya gwaride.

Hata hapa jirani tuna mfano. Usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, makomando wa Israel walipokwenda Entebbe kuwachukua mateka, waliziharibu ndege za MiG za Iddi Amin zilizokuwa zimeegeshwa pale pale uwanjani ili zisiwafukuze wakiondoka. Kwa saa moja na nusu hivi, sehemu kubwa ya nguvu ya anga ya nchi nzima ikawa chuma chakavu.

Sasa tazama upande wa pili. Februari 24, 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, makombora yaliangukia viwanja vya ndege usiku ule ule. Wengi walidhani jeshi la anga la Ukraine lingekuwa limekwisha kufikia jioni. Halikwisha. Ndege nyingi zilikuwa zimeshahamishwa kabla, zikaendelea kuhamahama, leo hapa kesho kule. Adui akapiga lami tupu.

Mwenzangu hapo ananikatiza: "Kaka, hiyo bahati tu. Nunua makombora ya kujikinga, jenga mahandaki ya zege, basi." Sikatai zege. Misri yenyewe baada ya 1967 ilijenga mabanda ya zege na kuongeza viwanja, na mwaka 1973 haikukamatwa vile tena. Lakini zege pekee lina tabu yake: halihami. Adui ana picha ya setilaiti, anajua banda liko wapi, anabaki kuhesabu makombora tu. Ukiwa na ndege 48 uwanja mmoja, adui ana tatizo moja. Ukizigawa nne nne kwenye viwanja 12, na vingine kadhaa viko tupu kwa makusudi, lazima apige vyote, au akisie.

Na umbali peke yake hausaidii. Juni 1, 2025 Ukraine ilituma droni 117 zilizofichwa ndani ya malori mpaka jirani na kambi za Urusi. Mojawapo ni Belaya huko Siberia, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Ukraine. Ndege kubwa za kudondosha mabomu zilikuwa zimeegeshwa nje, zinaonekana. Ukraine ilisema iliharibu 41, maofisa wa Marekani walitaja idadi ndogo zaidi, lakini video ziliona wote. Kuzipeleka mbali na bado kuzipanga pamoja peupe ni kuhama nyumba bila kufunga mlango.

Waliolifanya somo hili kwa bidii ni Waswidi. Wakati wa Vita Baridi walijenga mtandao wa viwanja vya akiba na vipande vya barabara vilivyonyooshwa na kupanuliwa, na baada ya kuona ya 1967 wakaongeza njia fupi za mita 800 hivi. Ndege yao ya Gripen ilibuniwa kwa maisha hayo: inatua barabarani, fundi mmoja na vijana watano wa jeshi la kujenga taifa la kwao wanaijaza mafuta na silaha, dakika kumi imeondoka. Finland wanafanya hivyo mpaka leo, wanafunga barabara kuu na kufanya mazoezi. Mwaka 2023 F-35 za Norway zilitua kwenye barabara ya Finland, mwaka uliofuata za Marekani nazo zikatua.

Umeona kinachofanya kazi hapo? Ni wale vijana watano. Kila kiwanja cha akiba kinataka mafuta, risasi, fundi, redio, gari la zimamoto, watu wa kufagia lami maana kokoto moja ikivutwa ndani ya injini ndege imekwisha. Na kinataka walinzi. Januari 5, 2020, Al-Shabaab walivamia uwanja wa Manda Bay, Lamu, uliokuwa ukitumiwa na Wamarekani. Wamarekani watatu waliuawa na ndege sita zikaharibiwa, na uchunguzi wa jeshi lao wenyewe ulikuta ulinzi ulikuwa mbovu. Taifa tajiri kuliko yote, kiwanja kidogo, wakajisahau. Ukitawanya ndege bila kutawanya watu wenye ujuzi, umezigawa tu kwa adui mafungu mafungu.

Sasa sharti langu. Ndege inapohama, hatari inahama nayo. Kile kipande cha barabara kina kijiji pembeni, kina shule, kina mama anayeuza mahindi ya kuchoma. Usiku ndege nne zikitua pale, yule mama amelala jirani na shabaha, na hakuna aliyemuuliza. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya nyongeza kwenye Mikataba ya Geneva, kifungu cha 58, inazitaka nchi ziepuke kadiri inavyowezekana kuweka shabaha za kijeshi ndani au karibu ya maeneo yenye watu wengi. Kwa hiyo viwanja vya akiba vichaguliwe wakati wa amani, mbali na makazi, na walio karibu waambiwe, wajengewe mahali pa kujificha na wafundishwe pa kukimbilia. Serikali inayosubiri king'ora ndipo ikumbuke barabara ya kijijini haitawanyi ndege, inajificha nyuma ya wananchi.

Mtu atasema ukiwaambia wananchi umetoa siri. Siri gani? Barabara pana iliyonyooka kilomita mbili porini inaonekana toka angani hata na mtoto. Finland hawafichi mazoezi yao. Siri ya kweli si kiwanja kiko wapi, ni kipi kina ndege usiku wa leo. Hiyo waifiche wanavyotaka.

Nisiwadanganye kwamba kutawanya ni kushinda. Poland mwaka 1939 ilizihamishia ndege zake za kivita viwanja vya siri kabla ya Septemba mosi, Wajerumani wakapiga kambi ambazo zilishahamwa. Poland ilishindwa hata hivyo. Lakini marubani wake walipata nafasi ya kupigana, na wengi wao baadaye walipigana wakiwa Uingereza. Aliyepona ana kesho ya kubishania.

Mwenzangu bado anakoroma upande wake wa zege. Nyie wadau mnasemaje? Na wale mnaotokea vijiji vilivyo karibu na kambi, nyie ndio nawasubiri hasa: mngependa kuambiwa, au mngependa msijue? Maoni ruksa, matusi hapana. Alamsiki.