Sauti ya Marehemu ni Amana



Ndugu wasomaji, juma hili tunazungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka litaonekana kuwa la mafundi, ilhali ndani yake mna amana.

Mjane mmoja wa mtaani kwetu Mbagala alituletea boksi la kaseti 22, zenye darsa za marehemu mumewe aliyesomesha msikitini kwetu kwa miaka mingi. Tangu kampuni ya Philips ilipoitambulisha kaseti mwaka 1963, chombo hiki kimebeba mawaidha hadi vyumbani mwetu. Lakini ukanda wake huchakaa na hatimaye hukatika. Mama yetu huyo aliomba tuzihamishie darsa hizo kwenye kompyuta, wajukuu wapate kumsikia babu yao. Kamati ikanunua kisanduku cha sauti, yaani kile kifaa kinachopokea sauti kwa waya na kuiingiza kwenye kompyuta, na vijana wakaifanya kazi kwa siku tatu. Tulipompelekea, alisikiliza kidogo, kisha akasema kwa upole: “Ahsanteni wanangu, lakini huyu siye. Yeye hakuwa akifoka.”

Alisema kweli. Kila marehemu alipoinua sauti, ilipasuka na kukwaruza. Kosa halikuwa la kaseti, bali letu sisi tuliochomeka waya mahali pasipo pake.

Kisanduku cha sauti huwa na milango ya namna tatu. Wa kwanza, ulioandikwa MIC, ni wa kipaza sauti. Umeme unaotoka kwenye kipaza sauti ni hafifu mno, hivyo mlango huo huukuza mara nyingi sana. Wa pili, LINE, ni wa vyombo ambavyo sauti yake imekwisha kukuzwa, kama vile redio kaseti. Wa tatu, INST, ni wa gitaa la umeme na mfano wake. Katika visanduku vingi, tundu moja hupokea kichwa cha pini tatu na pia kichwa kinene cha milimita 6.35, kile cha pini tatu huelekea kwenye MIC. Sisi tuliufunga waya wa redio kaseti kwa kichwa cha pini tatu, kwa kuwa ndicho kilichokuwapo. Sauti iliyokwisha kukuzwa ikakuzwa tena, ikavuka kiwango, na kilichovuka kiwango kikakatwa. Sauti iliyokatwa namna hiyo hairudi kama ilivyokuwa.

Basi mwenye kaseti za wazee wake na azingatie yafuatayo. Kwanza, asafishe kichwa cha kusomea ukanda kwa pamba yenye spiriti, na akiache kikauke. Pili, atumie waya unaotoka kwenye matundu mawili ya nyuma ya redio kaseti na kuishia kwa vichwa viwili vya milimita 6.35: kushoto mlango wa 1, kulia mlango wa 2. Kama redio ina tundu la visikizio pekee, litumike hilo, na sauti ya redio iwekwe wastani. Tatu, achague LINE na ahakikishe kitufe cha 48V kimezimwa. Umeme huo ni wa baadhi ya vipaza sauti tu. Nne, acheze sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote, kisha azungushe kirekebishi polepole hadi kilele cha sauti kifike kiasi cha desibeli 12 chini ya sifuri. Sifuri ndiyo dari, na taa nyekundu ni onyo. Tano, katika programu ya kurekodia, kama Audacity ambayo haiuzwi, achague kisanduku hicho na milango yote miwili. Kukiwa na mngurumo, ajaribu kuchomoa chaja na kuiacha kompyuta itumie betri. Mara nyingi mngurumo huisha.

Kabla ya yote hayo kukamilika, arekodi dakika moja tu, aisikilize kwa visikizio, ndipo aendelee. Nakala kamili ihifadhiwe mahali pawili, na kaseti zisitupwe.

Sisi hatukuijaribu dakika hiyo moja. Tuliporudia kazi, kaseti 21 zilitoka salama, walhamdulillah. Moja, yenye darsa ya mirathi, ilikatika vipande ikiwa inachezwa mara ya pili, na kipande kikubwa kikasagika. Darsa hiyo imebaki katika ile nakala iliyopasuka peke yake. Tulikwenda kumwomba radhi mama yetu. Akatusamehe, kisha akaomba apewe hiyo nayo, kwani hata ikikwaruza, maneno ni yake.

Imepokewa katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kwamba miongoni mwa yanayobaki baada ya mtu kufa ni elimu inayonufaisha. Elimu ya mzee huyu ilibaki miaka yote ndani ya boksi, chini ya kitanda cha mjane, ikahifadhika. Ilipofika mikononi mwetu, wenye kisomo na vifaa, ndipo sehemu yake ikapotea. Amana haitaki nia njema peke yake. Yahitaji pia kuuliza kabla ya kuchomeka.

Na wenye wazee walio hai, wasisubiri boksi. Wawarekodi leo, kwa idhini yao.

Wabillahi tawfiq.