Usiuze mahindi ya Julai kununua sofa la Dar

Ndugu mkulima, kila mwaka mavuno yakiisha naulizwa swali lilelile: "Bwana shamba, kijana wangu anaenda Dar es Salaam kuanza maisha. Niuze magunia mangapi ili apate vyombo vya ndani?"

Mwaka huu nimeamua kujibu kwa maandishi, na najua baadhi yenu hamtalipenda jibu langu. Msaidie kodi, mnunulie godoro, mpe chakula. Kwa ajili ya sofa, kabati na televisheni, usiuze hata gunia moja. Hivyo atanunua mwenyewe, kimoja kimoja.

Nasema hivi kwa sababu kwetu tulikosea. Mtoto wa dada yangu alipopata kazi Dar, dada aliuza magunia sita mwezi wa saba kwa shilingi 50,000 kila moja. Ile 300,000 ikaenda kwenye sofa dogo na televisheni. Mwezi wa pili ghala likawa tupu, akauza mbuzi ili anunue magunia matatu kwa 85,000 kila moja. Piga hesabu: magunia matatu ya Februari yalimla 255,000, karibu fedha yote ya magunia sita ya Julai. Na kijana kule mjini alikuwa na sofa lakini hana unga. Mimi bwana shamba nilikuwepo siku ya kuuza, nikanyamaza.

Kinachomaliza fedha za mgeni ni haraka

Dar mwenye nyumba mara nyingi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka yake, kwa kawaida sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kijana akishalipa hizo anabaki na chumba kitupu na aibu. Akiogopa wenzake watamcheka, anaingia duka la karibu na kununua kila kitu siku moja, bila kuuliza bei pengine. Hapo ndipo fedha zako zinapopotea.

Mwambie mapema kwamba chumba kitupu si aibu. Wiki ya kwanza anahitaji vitu vichache tu: godoro, neti, kufuli, balbu, ndoo mbili na dumu la maji, sufuria mbili, jiko, kisu, sahani na kikombe. Mkeka, mwiko, ungo na shuka atoke navyo nyumbani. Blanketi zito liacheni, Dar ni joto. Kitanda kinaweza kusubiri mwezi wa tatu au wa nne.

Aende wapi

Kwa vyombo vya plastiki, sahani na sufuria, aende Kariakoo, lakini asinunue duka la kwanza. Azunguke maduka matatu akiuliza bei, ndipo arudi kwenye nafuu. Kumbuka kwamba Kariakoo bei nzuri ni ya jumla. Vijana wanne wa kijiji kimoja wakichanga wakanunua dazeni ya sahani na kugawana, kila mmoja anapata tatu kwa bei ya jumla.

Kwa majiko na vitu vya bati na chuma, Gerezani kuna mafundi wanaotengeneza wenyewe. Kwa samani, Keko ina mafundi seremala wengi. Aulize ni mbao gani: mninga ni ghali, paina ni nafuu na inamtosha anayeanza. Akague chaga za kitanda moja moja, na aangalie upande wa chini na wa nyuma, maana rangi hupakwa mbele. Mbao za kubandika zinazotokana na unga wa mbao zikipata maji huvimba, na vyumba vingi vya bei nafuu huingiza maji ya mvua.

Mapazia na mashuka ya mtumba apate Ilala au Manzese. Pia wapo watu wanaohama, ambao huuza vitu vizuri kwa bei ya chini kwa sababu gari linawasubiri. Majirani na mafundi ndio wanaojua nani anahama. Lakini kuna masharti: asitume fedha kabla ya kukiona kitu. Kitu cha umeme kiwashwe mbele yake. Na televisheni au simu inayouzwa kwa bei ya kutupa bila risiti aiache, maana kununua mali ya wizi ni kosa, na polisi hawatauliza kama ni mgeni.

Jambo jingine: asiye na fedha mjini hulipa zaidi kwa kununua kidogo kidogo. Mkaa wa kopo ukiujumlisha mpaka ujaze gunia, umelipa zaidi ya bei ya gunia. Wapangaji wawili au watatu wakinunua gunia moja na kugawana, wote wamepona. Akitumia gesi, adai mtungi upimwe kwenye mizani kabla ya kulipa.

Chakula chako ndicho samani ya kwanza

Sasa narudi kwako, mzazi. Kitu ambacho kijana hawezi kukipata kwa bei nafuu mjini ndicho ulichonacho ghalani. Gunia la mahindi, debe la maharage na karanga kidogo vitamshikilia miezi kadhaa. Fedha ambayo angenunulia unga ndiyo itakayonunua kitanda. Mahindi yakauke vizuri kabla ya kusafirisha. Usiogope kizuizi: tangu 2017 serikali iliondoa ushuru wa mazao kwa mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Andika jina na namba ya simu juu ya gunia. Akienda kupokea mzigo stendi ya Mbezi, apatane bei na mbebaji kabla gunia halijainuliwa.

Yanayobaki nyumbani yaweke kwenye mifuko ya kinga njaa, uifunge vizuri hewa isiingie. Kama ni lazima uuze ili umsaidie, uza Januari au Februari, bei ikiwa imepanda. Gunia hilohilo litamsaidia zaidi kuliko lingeuzwa Julai.

Na wewe mfanyabiashara wa kijijini unayefuata bidhaa Kariakoo, usiwaache hawa vijana. Safari yako ijayo, tenga nusu siku uzunguke na mmoja wao, umwonyeshe maduka unayoyaamini. Hupotezi kitu. Umepata mtu mjini atakayekuulizia bei kwa simu kabla hujalipa nauli.

Najua kuna watakaosema, "Mtoto wangu asionekane maskini." Nawaheshimu, lakini naomba wajiulize: hao wanaomtazama ndio watakaokukopesha mahindi Februari? Mtoto wa dada yangu leo ana kitanda kizuri cha Keko. Alikinunua kwa mshahara wake, mwaka wa pili. Lile sofa aliliuza ili alipe kodi, na hakupata hata nusu ya bei tuliyonunulia.

Kama una kijana anayeondoka msimu huu, kabla hujamwita mnunuzi wa mahindi, kaeni chini mwandike orodha mbili: vitu vya wiki ya kwanza, na vinavyoweza kusubiri. Ya pili mkabidhi yeye. Mkikwama kwenye hesabu, njooni ofisini siku ya gulio, tutaifanya pamoja.