Dikteta na Wenye Siasa Kali: Uhusiano wa Namna Gani?

Mtu akichukua rula akapima juu ya ramani, ataona kwamba kutoka hapa Kasulu mpaka mji wa Beni, katika Kivu ya Kaskazini, ni kama nusu tu ya masafa ya kutoka Kasulu mpaka Pemba. Twaanza na jambo hilo kwa sababu wapo wasomaji wetu wa Visiwani, na wapo wakubwa serikalini, wanaodhani kwamba mazungumzo juu ya madikteta na vikundi vya Kiislamu vyenye siasa kali ni mazungumzo ya Baghdad na Kabul, ambayo watu wa nyanda za juu za Buha hawana la kusema ndani yake. Tunalo la kusema. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani kwetu mwaka 1996 kuwapokea watu waliokimbia vita vya Zaire, na tangu hapo habari za nchi hiyo zimetufikia kwa miguu kabla ya kutufikia kwa redio.

Swali linalobishaniwa ni hili: je, mtawala wa mabavu asiyeongoza kwa dini, ambaye pengine amewafunga masheikh na maaskofu wa nchi yake mwenyewe, aweza kushirikiana na watu wanaotaka dola isimamishwe kwa upanga wa dini? Wapo wanaojibu kwamba haiwezekani hata kidogo, kwa kuwa hao ni maji na mafuta. Wengine hujibu kwamba lazima wawe pamoja, kwa kuwa adui wa adui ni rafiki. Sisi twaona pande zote mbili zimekosa kwa namna moja, nayo ni kutoa hukumu kabla ya kutazama.

Mfano unaotajwa zaidi ni ule wa Iraki. Tarehe 5 Februari, 2003, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, alilieleza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba serikali ya Saddam Hussein ilikuwa na uhusiano na al-Qaeda. Mwezi uliofuata vita vikaanza. Mwaka 2004 tume ya Marekani yenyewe, iliyochunguza mashambulio ya Septemba 11, 2001, ilisema kwamba palikuwapo mawasiliano ya hapa na pale, lakini haikuona ushahidi wa ushirikiano wa kutenda. Mwaka 2006 kamati ya Baraza la Senate ikaongeza kwamba Saddam hakuwaamini watu hao, bali aliwahesabu kuwa hatari kwa utawala wake. Na moja ya nguzo za madai yale, yaani habari kwamba Iraki iliwafundisha watu wa al-Qaeda matumizi ya sumu, ilitoka kwa mfungwa mmoja aliyehojiwa Misri. Baadaye mfungwa huyo alikana maneno yake, akisema aliyatoa ili mateso yakome. Nchi nzima ilivamiwa, na neno la mtu aliyekuwa akiteswa lilikuwa miongoni mwa hoja.

Msomaji asije akafikiri kwamba, kwa kuwa madai ya Iraki yalikuwa ya uongo, basi jambo lenyewe halipo duniani. Lipo, na lilikuwa hapa jirani.

Mobutu Sese Seko alitwaa madaraka Novemba 1965. Hakuna atakayemwita mtu wa dini. Mwaka 1972 alipiga marufuku majina ya Kikristo, akagombana na Kanisa Katoliki, kisha akazitwaa shule zake. Juu ya Uislamu hakuwa na haja nao kabisa. Lakini ilipofika miaka ya 1990 alikuwa na ugomvi na Rais Yoweri Museveni wa Uganda, hasa kwa sababu ya Rwanda, ambako rafiki yake Habyarimana alipigwa vita na jeshi lililotoka Uganda. Huko Khartoum nako ilikuwapo serikali ya Omar al-Bashir, iliyoingia kwa mapinduzi ya Juni 30, 1989, huku Hassan al-Turabi akiwa mwongozaji wake wa fikra. Serikali hiyo ilimpokea Osama bin Laden mpaka mwaka 1996. Nayo ilikuwa na ugomvi na Museveni, kwa kuwa ilimlaumu kuwasaidia wapiganaji wa John Garang kusini mwa Sudan. Aprili 1995 Sudan na Uganda zikavunja uhusiano wa kibalozi.

Hapo ndipo mambo yalipokutana. Katika milima ya Ruwenzori, upande wa Zaire, walikuwako mabaki ya kundi la NALU, wengi wao Wakonjo, watu wa mlimani waliokuwa na madai yao ya zamani juu ya ardhi na utawala, wala hawakupigania dini. Vijana wa Tabliq waliokorofishana na serikali ya Kampala walikimbilia huko huko. Kwa silaha na fedha za Sudan, na kwa ardhi aliyoiacha Mobutu itumike, yakaunganishwa mawili hayo likazaliwa kundi la ADF. Novemba 1996, mwaka ule ule Nyarugusu ilipofunguliwa, kundi hilo lilivuka mpaka likashambulia Mpondwe. Juni 1998 likawachoma moto wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kichwamba, na wapatao 80 wakafa.

Nani katika hao alimwamini mwenziwe? Hakuna. Mobutu alitaka Museveni asumbuliwe. Khartoum ilitaka Garang akose mgongo. Wakonjo walitaka milima yao. Hii haikuwa ndoa ya imani. Ilikuwa biashara ya msimu mmoja. Mobutu alianguka Mei 1997, na Desemba 1999 Bashir na Museveni wakatia saini mapatano mjini Nairobi, kila mmoja akaahidi kutowasaidia waasi wa mwenziwe. Wafadhili wakaondoka sokoni. Bidhaa yao ikabaki porini.

Yaliyofuata yanatia uchungu zaidi. Kuanzia Oktoba 2014 raia wa wilaya ya Beni walichinjwa usiku kwa mapanga na mashoka, na kila mara serikali ya Kinshasa ilitamka neno moja: ADF. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walipokwenda kuuliza, walikuta kwamba ADF walihusika kweli, lakini si peke yao. Baadhi ya mauaji yalikuwa na mikono ya wanamgambo wa pale pale na ya maofisa wa jeshi la serikali, hata Februari 2018 Baraza la Usalama likamwekea vikwazo jenerali mmoja wa jeshi hilo. Maana yake ni kwamba jina la wenye siasa kali lilikuwa limekwisha kuwa pazia, na nyuma ya pazia hilo walikuwamo pia watu wa serikali.

Vivyo hivyo juu ya uhusiano wa ADF na kundi linalojiita Dola ya Kiislamu. Kundi hilo lilianza kudai mashambulio ya Kongo kuwa yake Aprili 2019. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa hawakukimbilia kuitikia. Mwaka 2021 walisema bado hawajaona ushahidi wa kutosha kwamba ADF inaamriwa kutoka nje. Mwaka 2023 ndipo walipoeleza njia za fedha zilizopitia Afrika Mashariki na Afrika ya Kusini. Walichelewa, wengine walisema. Sisi twasema walifuata risiti, nayo ndiyo kazi yao.

Sasa tuje nyumbani. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawahitaji kufundishwa na mtu wa Kasulu gharama ya neno hili “uhusiano”. Tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu 213 na 11, na miongoni mwa waliohukumiwa kifungo cha maisha huko New York walikuwamo watu wawili wa Visiwani. Hukumu zile zilitolewa baada ya mashahidi kusimama na kuhojiwa hadharani, nasi hatuna la kuzilalamikia. Lakini baada ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, ambayo washitakiwa wake hawapewi dhamana, mambo yalikwenda vingine. Viongozi wa jumuiya ya Uamsho wa Zanzibar walikaa rumande kwa zaidi ya miaka sita kwa mashitaka ya ugaidi, na Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashitaka akayafuta. Kama ushahidi wa uhusiano ulikuwapo, ulikuwa na miaka sita ya kuletwa. Kama haukuwapo, nani awarudishie watoto wao ile miaka?

Hatusemi serikali ifumbe macho. Jamil Mukulu, kiongozi wa ADF, alikamatwa katika nchi yetu Aprili 2015, na Julai mwaka huo akakabidhiwa Uganda baada ya shauri lake kusikilizwa mahakamani. Alikuwa mtu halisi mwenye jina lake, si uvumi juu ya msikiti fulani wala ndevu za fulani.

Kwa hiyo twawaomba wakubwa wa usalama, wa Bara na wa Visiwani, wanapoletewa taarifa kwamba kundi fulani lina uhusiano na magaidi wa nje, waulize mambo ambayo Wamarekani hawakuyauliza vya kutosha mwaka 2003: Fedha zilitoka wapi, zikapita kwa nani? Nani alitoa ardhi? Aliyesema, alisema akiwa katika hali gani? Na nani anafaidika taarifa hii ikiaminiwa? Majibu yapelekwe mbele ya hakimu katika muda unaojulikana. Na Bunge, ambalo ndilo lililoitunga sheria ya mwaka 2002, liweke kikomo cha siku ambazo upelelezi wa mashitaka haya waweza kuchukua, ili mtu ahukumiwe au aachiwe.