Usahihi wa kipimo huanzia kwenye umeme

Vijana wanaonunua vijenzi vya elektroniki Kariakoo ili kuunda mizani au vipimajoto huhangaika na programu na kuusahau umeme. Kosa mara nyingi huanzia hapo. Chipu ya ATmega328P, iliyomo kwenye bodi ya Arduino Uno R3, ina pini ya VCC kwa upande wa dijitali na AVCC kwa upande wa analogi. Kwa volti 5, kila hatua ya kigeuzi chake cha analogi kwenda dijitali cha biti 10 ni takriban milivolti 4.9 tu; sehemu ya dijitali ikivuta mkondo kwa ghafla, namba inaweza kuyumba.

Yupo atakayesema programu itafute wastani. Wastani hupunguza kelele ya kubahatisha, lakini kosa linalojirudia katika kila kipimo hubaki palepale. Mwingine atataka vyanzo viwili vya umeme, ilhali AVCC haitakiwi kupishana na VCC kwa zaidi ya volti 0.3. Ushauri wa mtengenezaji ni rahisi: chanzo kimoja, koili ya mikrohenri 10 na kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini ya AVCC. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya biashara, lakini ukaguzi pekee hautoshi. Vyuo navyo vifundishe usahihi kuanzia kwenye njia ya umeme.